Sakramenti Saba ku Robine

Bisigino bya batoto wanamuke bikipiga udongo mukavu na mikono ikifuata, mi najua bila kutoka inje: ni nzango. Juzi nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, ku baraza, hapa Naviundu. Bajukuu yangu na barafiki yao bakapanga mistari mbili. Mumoja anatoka huku, mumoja kule, banaruka, banapiga mikono, mwishoni kila mumoja anatupa muguu mbele, na muguu njo unasema nani ameshinda. Binti yangu, mama yao, akatoka na uso wa pilipili, asema baingie kusoma, kesho iko examen. Nikamwambia abaache kwanza. Akaniuliza tangu lini kambo, bibi ya batoto, amekuwa mwalimu.

Ni kweli, masomo nilifanya miaka mitatu tu. Lakini musikilize.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa mu kambi ya bantu ya reli. Baba alikuwa anabeba mbao za njia ya reli tangu asubui mpaka mangaribi. Nilipoanza kufundishwa kwa ajili ya komunyo ya kwanza, akanitengenezea kiti kidogo cha mbao, akakiweka mbele ya ukuta. Alisema: "Muntu wa akili anakaa. Umeshaona kalani anaruka? Akili iko mu kichwa, miguu ni ya kukimbiza mwizi." Basi kila siku nilikuwa nakaa. Kusoma sikujua muzuri, mama alikuwa anatamka, mi narudilia.

Sakramenti saba zilinishinda. Nilikuwa nafika ya ine, zile tatu za nyuma zinapotea sawa mahindi mu mufuko wenye tundu. Miguu inakufa ganzi, macho inafunga. Katekista wetu, Papa Anaklete, muntu murefu na mukavu, alinipima mara ya kwanza: nikasema ine, kisha nikaanza tena na Ubatizo. Akanipa juma mbili. Nikishindwa tena, ni mwaka kesho.

Sasa, kanzu yangu nyeupe mama alikuwa ameshaimaliza, inatundikwa ku musumari. Akasema wazi: kama sipite, ataivaa Virjini, mutoto wa jirani, sababu kitambaa hakiwezi kungoja mujinga. Virjini alikuwa anapita kila siku kuigusa mikono yake. Siku moja akaniambia asema chini ni ndefu kidogo, mama angeikata.

Baba akaongeza saa za kiti, akakataza nzango. Nikazidi kuwa mujinga.

Siku moja mama alinituma maji. Ku robine, bomba ya maji ya kambi, banamuke badogo banacheza nzango, upande mumoja unapungukiwa na mutu. Nikaweka ndoo chini. Nikaruka, na pahali pa wimbo, kinywa changu kikatoa chenyewe: Ubatizo! Kipaimara! Ekaristi! Kitubio! Mupako! Upadri! Ndoa! Kila ruko na sakramenti yake, na ku Ndoa ninatupa muguu. Bakacheka mpaka bakashika tumbo, asema huyu anatupeleka kuolewa. Tukarudilia mpaka jasho.

Nilichelewa. Mama alikuwa ananingoja ku mulango na mwiko. Mbele mwiko haujashuka, nikamutolea zote saba. Mukono wake ukabaki juu.

"Rudilia."

Nikarudilia. Akashusha mwiko. Baba hakuambiwa. Lakini tangu siku ile, mama alikuwa ananituma maji asubui na mangaribi. Pipa likajaa, masufuria ikajaa, mpaka mabakuli. Jirani aliuliza kama tunafungua muto mu nyumba.

Siku ya kupimwa, tulisimama mu kiwanja cha kanisa, mikono imefungwa ku kifua. Papa Anaklete akaniuliza. Nikasema ine. Kisha, bure. Virjini akatabasamu. Bisigino byangu bikaanza kuinuka byenyewe, na katekista akanikaripia nisimame muzuri. Hapo mama, mwanamuke hakuwahi kufungua kinywa mbele ya ule mutu, akasema kutoka nyuma:

"Papa, umuache aruke."

"Aruke?"

"Aruke."

Nikaruka. Zikatoka saba, hakuna iliyobaki, na ku Ndoa nikatupa muguu na nguvu, sapato ikanitoka muguu, ikaruka mpaka ku miguu ya katekista. Akaiokota, akaitazama, akaitazama tena.

"Na amri kumi?"

"Nazo ziko na muchezo wao, papa."

Akasema haina lazima, ataziamini. Kanzu nikaivaa mimi. Virjini alinishikia mushumaa.

Leo muganga wa dispensaire anatufundisha, sisi bazee, asema mwili ukitembea damu inapanda ku kichwa na mawazo inaamka. Mi nilishajua. Bwana yangu alipokufa, nilikaa miezi chini, mawazo yakaoza. Siku nilishika jembe, njo nilianza tena kukumbuka majina ya bantu.

Lakini kitu kimoja nilikielewa nikiwa muzee. Miaka mingi nilikuwa nafikiri kile kiti kilikuwa azabu. Baba alikuwa anasimama siku nzima na mbao ku bega, anatazama kalani mu kivuli, amekaa. Baba hakuwahi kukaa ku kazi hata siku moja. Alinipa kile alikuwa anatamani kupita vyote.