Bundles za Foleni ya Chanjo

Ukimtafuta Adhis pale Soweto West, Kibera, uliza mama fua anayetengeneza programu za kompyuta. Watakucheka, halafu watakuonyesha mlango. Miaka sita alifua nguo za watu mtaa wa Olympic, na kila Jumamosi akasomea kompyuta kwenye ukumbi wa kanisa. Bado anafua. Programu hazijamtoa mtu kwenye beseni, jamani.

Siku moja akapigiwa simu na Sista Kageha, nesi wa kliniki ndogo Kawangware. Kompyuta yao ilikuwa imeungua, wakapata nyingine ya mtumba, lakini programu ya chanjo ikaikataa kwa uzee wake. Rekodi za watoto zilikuwa salama kwenye flash, ila bila programu hazifunguki. Na kwenye foleni kulikuwa na Trizah, ambaye moto ulimchomea nyumba pamoja na kadi ya mtoto. Hakukumbuka mtoto alidungwa nini na nini, na surua ilikuwa imeshaingia mtaani. Sista hakutaka kubahatisha.

"Hiyo ni kazi ndogo," Adhis akasema. Msimbo, yaani yale maandishi ambayo programu hujengwa nayo, uko wazi kwa yeyote. Angeijenga upya kwenye hiyo hiyo kompyuta kuukuu. Akajaribu kwanza kwenye kompyuta ya kanisa, kwa Wi-Fi yao, ikajengeka bila shida. Akatia msimbo kwenye flash, akaenda Kawangware akijipiga kifua.

Kumbe! Wi-Fi ya kanisa ilikuwa ikimletea kimyakimya vipande vingine kutoka mtandaoni, na yeye hana habari. Kliniki haina Wi-Fi. Kompyuta ikamwaga mistari myekundu, ikakwama. Akaangalia simu yake: bundles, yaani data ya intaneti, za kusoma WhatsApp tu. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Sista, nimekuangusha."

"Unahitaji nini?"

"Bundles. Nyingi sana."

Sista Kageha akatoka, akasimama mbele ya foleni. "Wamama, kompyuta imekwama. Kila mtu asambaze bundles kwa hii namba. Hata kama ni kidogo, tuma."

Wueh! Simu ya Adhis ikaanza kutetemeka pale mezani, haipumziki. Mama wa mapacha alituma mara mbili, eti kila mtoto na zake. Trizah alituma zote, akabaki bila kitu. Adhis, ambaye hajawahi kulia mbele ya mteja, alilia hapo hapo huku akiunganisha simu na kompyuta na kuandika amri upya. Mpaka leo anasema programu ile waliijenga wale wanawake, yeye alibonyeza tu, na Mungu awabariki mmoja mmoja.

Mistari ikapita, ikapita, mwishowe programu ikafunguka.

Sista akaandika jina la mtoto wa Trizah. Akasoma, akasoma tena.

"Surua ya pili hakupata," akasema, akichukua sindano. "Mshike miguu vizuri."

Mtoto alipiga nduru hadi watu wa barabarani wakageuka. Trizah alikuwa amemshika kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umemshika Adhis, na haukutaka kumwachilia.