Tabasamu na Kamera Isiyo na Kioo

Mtaa mzima ulimwita Tabasamu. Katika miaka yake yote ya kupiga picha hakuwahi kuhesabu moja, mbili, tatu kama wenzake. Aliinua kamera, akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyepoteza funguo, "Tabasamu lako umeliweka wapi?" Mteja akicheka, picha imeshapigwa.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na kando ya maporomoko hayo ngazi ya marumaru isiyokwenda popote. Kazi aliifanya na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mrefu aliyerudi kutoka kwenye ndoa mbaya akiwa na sanduku moja na ulimi mkali. Tabasamu alipiga picha, wifi akachukua video. Begani wifi alibeba kamera kubwa ya zamani waliyoiita Tofali, na ndiye aliyeketi kwenye kompyuta kukata na kuunga. Kazi hiyo ndiyo iliyomrudishia heshima yake. Hakuwa na nyingine, wala hakuitaka nyingine.

Kutaniana kwao kulikuwa sehemu ya huduma. Wateja wengine walikuja kwa ajili hiyo tu.

"Wifi, sogea, umenizibia bwana harusi."

"Bwana harusi ameshazibwa na tumbo lake. Wewe piga tu."

Lakini walifanya kazi kama mikono miwili ya mtu mmoja. Tabasamu akitaka kubadili lenzi, alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, akasema, "Wifi, shika." Kilichotolewa kilipokelewa, kilichotakiwa kikaja. Hakuwahi kugeuka kuhakikisha, kama vile mtu asivyogeuka kuhakikisha kama kivuli chake kipo.

Siku moja alikwenda kununua betri kwenye duka la vifaa. Muuzaji, bwana mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi, alikuwa ndiyo kwanza anaitoa kwenye boksi kamera nyeusi, ndogo, nzito kidogo kuliko ilivyoonekana.

"Hii haina kioo ndani," alisema. "Yako ile ina kioo kinachoruka kila ukipiga, ndiyo maana inalia kla, kla. Hii iko kimya kabisa. Halafu sensa yake, kile kibao cha ndani kinachonasa mwanga, ni pana, sawasawa na fremu kamili ya filamu za zamani, kwa hiyo hata kwenye kiza inaona. Inapiga picha, inachukua video, na kote haibahatishi. Ikishaliona jicho la mtu, hailiachi."

"Hata akikonyeza?"

"Hata akikonyeza."

Tabasamu aliipokea, akaipima mkononi, akaielekeza usoni kwa muuzaji. Kwenye kioo cha kutazamia, kimraba kidogo kikaruka juu ya jicho la muuzaji na kutulia hapo kama nzi aliyefika nyumbani. Tabasamu akacheka peke yake. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akachuchumaa, akaulizwa kama anaumwa mgongo.

"Ichukue mwishoni mwa wiki ukaijaribu kazini," alisema muuzaji, aliyemfahamu tangu zama za filamu. "Jumatatu uirudishe, au uje tumalizane."

Kisha akamweleza vitufe, kimoja baada ya kingine, na Tabasamu akaitikia ndiyo kwa kila kimoja, kama bibi harusi anayeitikia maswali ya ndoa huku akili yake iko kwenye gauni. Alitoka pale bila betri.

Nyumbani hakukaliki. Alipiga tone la maji likining'inia kwenye bomba. Alimpiga paka akipiga miayo hadi likaonekana tundu la koo. Alimpiga mumewe, fundi seremala, akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Akampiga akinywa chai, akampiga akitafuta kiatu, mpaka yule bwana akaweka kikombe chini.

"Mbona picha zangu zimekuwa nyingi ghafla? Daktari amekwambia nini?"

Tabasamu aliketi kupima mambo. Ubora ulikuwepo, wepesi ulikuwepo. Akiba ya studio ilitosha, ingawa ilikuwa ya wawili. Hapo ndipo wazo likaingia bila kubisha hodi: kama kamera moja inafanya kazi mbili, mtu mmoja naye si anatosha? Angelifukuza wazo hilo pale pale mlangoni, lingekwenda zake. Yeye akalivutia kiti.

Jumamosi ile kulikuwa na sherehe ya Nesi Mkuu wa wodi ya wazazi, aliyekuwa anastaafu. Alikuwa ameomba picha na video, na zaidi ya yote hotuba yake, ambayo alitaka wajukuu zake waje kuisikia.

"Wifi," Tabasamu alisema Alhamisi akijifanya anafuta lenzi, "kazi ya Jumamosi ni ndogo. Video hawataki. Wewe pumzika."

Wifi aliinua uso kutoka kwenye kompyuta. "Mimi sijachoka."

"Pumzika hivyo hivyo."

Watu huuita huo uongo mdogo. Uongo unaomwinua mtu kwenye kiti chake hauna udogo.

Lakini siku ya sherehe, dhambi haikumkaba hata kidogo. Ukumbi wa hospitali ulipambwa karatasi za rangi, manesi wamevaa magauni yao ya kutokea, na Tabasamu akawa anateleza katikati yao kwa ncha za vidole. Hakuna kla. Alimpiga Mganga Mkuu kwa karibu sana na Mganga Mkuu hakujua. Alimpiga mama mmoja akifuta chozi, akaliona chozi lenyewe na taa ya ukumbi ndani ya chozi. Moyo ulimruka kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Na video nayo aliishughulikia. Alibonyeza kitufe, na mpaka mwekundu, kama fremu, ukazunguka kioo cha kutazamia. Vizuri, akasema moyoni, imeshakuwa tayari. Flashi yake ya zamani ilikuwa na kitaa chekundu, na kwa miaka yote maana ya kitaa hicho ilikuwa moja: umeme umejaa, sasa piga. Basi akatembea na kamera ikiwa tayari, inaning'inia shingoni, hadi Nesi Mkuu alipoitwa jukwaani. Hapo akaiinua, akabonyeza. Wekundu ukazimika. Imeanza kazi, akasema, akatulia tuli kama nguzo muda wote wa hotuba. Makofi yalipolia akabonyeza kuizima, wekundu ukarudi, naye akafurahi kwamba mashine imekuwa tayari tena.

Jumapili mchana, studio ikiwa imefungwa, aliketi chini ya maporomoko yake ya maji kutazama mavuno. Picha zilikuwa tamu mno, alizipigia vigelegele vya chini chini. Kisha akafungua video kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera.

Viatu. Viatu vyeusi, viatu vyeupe, kiatu kimoja kilichofunguka kisigino. Upindo wa kitambaa cha meza. Sakafu. Kidole cha Mganga Mkuu kikichovya krimu ya keki kabla keki haijakatwa, kikarudi tena kuchovya. Nesi Mkuu alipokaribia jukwaa, picha ilikatika. Ilipoanza tena, watu walikuwa wanamaliza kupiga makofi. Hotuba nzima haikuwemo, hata neno la shukrani.

Alitazama mara nyingine, kana kwamba viatu vingeona haya na kuondoka. Halafu akaelewa kwamba mpaka ule mwekundu ulimaanisha kamera inarekodi, si kwamba iko tayari, akajishika kichwa, na, Mungu amsamehe, akaangua kicheko hadi machozi. Kilipokwisha kicheko, yakabaki machozi.

Njia za kujificha zilikuwepo. Angesema kadi imeharibika, nani angejua? Tabasamu alikaa na neno hilo mdomoni na likamwia chungu. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshaomba wa pili, na wa pili ungeomba wa tatu. Akafunga studio, akaenda hadi chumbani kwa wifi yake, akamkuta anapanga nguo ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Wifi, nilikudanganya. Video walitaka. Nilikwenda na kamera mpya nikaona unaweza kubaki. Na nimeharibu kazi."

Wifi hakugeuka. "Mtu akikwambia pumzika na wewe hujachoka, ujue kuna anayekitaka kiti chako. Nilijua tangu Alhamisi." Akakunja kanga ile ile mara ya pili. "Umeharibu vipi?"

"Nimerekodi viatu."

"Viatu vya nani?"

"Vya wote."

Mabega ya wifi yalitikisika. Alijitahidi kukasirika, lakini hasira haikaribishwi pamoja na kicheko, mmoja huondoka. "Twende," alisema. "Nataka kuviona."

Kwenye kompyuta waliunganisha spika, jambo ambalo Tabasamu hakulifikiria, kwa kuwa sauti siku zote ilikuwa mali ya wifi. Viatu vikaanza kupita. Na juu ya viatu ikasikika sauti ya Tabasamu mwenyewe, ikinong'ona kwa haraka ya kazi: "Wifi, shika." Kimya. Kitu kikaanguka sakafuni, pu. "Aa, kumbe hayupo." Viatu vikatembea. "Wifi, huyu mzee unamwona? Wifi?" Kimya. Baadaye kidogo: "Wifi, shika." Pu.

Wifi aliirudisha nyuma, akaisikiliza tena.

"Kile kilichoanguka ni nini?"

"Lenzi yangu nzuri."

"Imepona?"

"Imepata mkwaruzo."

"Afadhali," alisema wifi. "Kila ukiuona utanikumbuka." Ila alisema akiwa amegeuza uso pembeni, na akakawia kuurudisha.

Jumatatu asubuhi walikwenda wote wawili kwa Nesi Mkuu, wakamkuta uani na gauni la nyumbani, akimwagilia maua. Tabasamu hakuzunguka mbuyu. "Shikamoo mama. Hotuba yako sinayo. Kosa ni langu, si la mashine. Hatuchukui malipo."

Nesi Mkuu aliweka ndoo chini. Alikuwa mwanamke ambaye madaktari walinyooka akipita. "Mlicho nacho ni nini?"

Wakamwonyesha. Alipita viatu vyote bila kucheka, akakipita kidole cha Mganga Mkuu bila kushangaa. Kisha ikaja miguu yake mwenyewe, nyuma ya pazia, kabla ya kuitwa jukwaani: imevua viatu, inacheza muziki peke yake, kisigino, kidole, kisigino. Hapo kicheko kikamtoka hadi akashika ukuta.

"Hiyo msiifute," alisema. "Na hotuba nitaisema upya. Ile ya juzi niliisema mbele ya wakubwa, nikameza nusu. Ngojeni nivae sare kwanza."

Mchana ule, mbele ya maporomoko ya maji, Nesi Mkuu alisema yote, pamoja na ile nusu. Tabasamu alimkabidhi wifi yake kamera. Wifi aliipokea kwa dharau, akaipima, akasema ni kama kubeba andazi. Halafu kimraba kikatua kwenye jicho la Nesi Mkuu, na wifi akanyamaza. Aliendelea kunyamaza hata hotuba ilipokwisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jioni walisimama wote wawili mbele ya muuzaji.

"Mmeipenda?"

"Niliipenda hadi nikasema uongo," alisema Tabasamu. "Akiba ni ya wawili, aamue na mwenzangu. Na tukiichukua, itakaa mikononi mwake. Mimi narudi kwenye kla, kla yangu."

Neno hilo lilimuuma kulitoa kama jino, lakini alilitoa.

"Tunaichukua," alisema wifi kabla hajaulizwa.

Hawakufika mbali. Tabasamu alikuwa akitembea pembeni, jicho kwenye mkoba wa wifi wenye kamera.

"Wifi, niazime kidogo. Kuna kitu kimoja tu nataka kujaribu."

"Tofali lipo bure nyumbani, ukajaribu hilo." Wifi alirudi hatua nyuma katikati ya njia, akaiinua kamera usoni. "Tabasamu lako umeliweka wapi?"

"Kwanza niambie, mpaka ni mwekundu?"

"Mwekundu."

"Basi usiguse kitu," alisema Tabasamu, akacheka hadi akakaa kwenye ukingo wa barabara, na safari hii kila kitu kikarekodiwa.