Kamba Shingoni mwa Chupa

Swali lililoninyima usingizi tangu nitoke chuoni lilikuwa moja: nikisema, nitakuwa nimemsafisha bibi, au nitakuwa nimejipunguzia mzigo mwenyewe na kuwatwisha wazazi wangu? Nililigeuza hadi likachakaa. Ndivyo nilivyo. Kabla ya kunywa maji hunusa kikombe. Nikishafunika moto kwa majivu hurudi kutazama, kisha najiuliza kama nilitazama kweli au niliwaza tu kwamba nimetazama. Wenzangu bwenini walinicheka sana. "Kabula, hebu tunuse na sisi, tusije tukawa tumeoza!" Nilicheka nao. Sikuwahi kuwaambia jambo hilo lilianzia wapi.

Enzi zetu, na najua wazee watatabasamu kuona mtu wa miaka ishirini na mitatu akiandika "enzi zetu", nyumba ilikuwa na sheria nyingi kuliko ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Ninyi mliokulia nami Kigwa, kando ya reli, mtakumbuka. Mtungi ulifunikwa, na kata ya kuchotea maji haikugusa mdomo wa mtu. Maziwa yalichemshwa mpaka yapande mara mbili. Asubuhi nguo zilikung'utwa kwa sababu ya nge, na mtoto aliyepita kati ya mpishi na mafiga alipigwa mwiko wa ugali wenye moto wake. Tulicheza kombolela kwenye mabua ya mtama, lakini tulikuwa tunajua tundu gani halitiwi mkono. Tulikwenda shule ya misheni tukitafuna matobolwa, viazi vile vya kuchemshwa na kukaushwa, vigumu kama kokoto, vitamu kama asali. Watoto wa siku hizi wanavaa viatu tangu darasa la kwanza na bado wanalia miiba. Sisi nyayo zetu ndizo zilikuwa viatu.

Sheria nyingi zilikuwa za bibi, mama yake baba. Alikuwa mwembamba, mkali, mvuta ugoro, na ugomvi wake na baba haukuisha. Ujanani alimfuata mumewe, mpagazi, katika njia ya misafara hadi pwani na kurudi, na alichokileta nyumbani kutoka safari hizo hakikuwa nguo wala shanga. Ilikuwa desturi ya kamba. Alisema njiani vibuyu vilifanana vyote: cha maji, cha asali, cha mafuta, cha sumu ya mishale. Kwa hiyo chenye kuua kilifungwa shingoni kamba ya gome yenye mafundo matatu, ili hata mtu aliyezidiwa na homa, asiyeona mbele, akijue kwa kidole.

Nyumbani kwetu alifanya vilevile. Mafuta ya taa, kamba. Magadi makali ya sabuni, kamba. Baba alikuwa msimamizi wa josho, na kila mara alikuja na chupa ya dawa ya kupe kwa ajili ya mbuzi wetu. Hiyo nayo, kamba.

"Ukigusa fundo, rudisha mkono," bibi alitufundisha.

Mdogo wangu Maganga alikuwa na miaka mitatu na aliijua sheria hiyo kabla ya kujua kuvaa kaptula. Kwake ulikuwa mchezo. Alipapasa kila chupa, na akikuta kamba alipiga kelele, "Fundo!" akakimbia huku akicheka, kana kwamba chupa inamfukuza.

Kamba zile zilikatwa kwa sababu yangu. Nilikuwa na miaka minane, na jioni moja nilimsomea baba barua yote bila kukwama. Alifurahi mno. Akachukua kalamu na wino, akaandika vikaratasi, akavibandika kwa uji wa muhogo kwenye kila chupa. Mafuta. Magadi. Dawa. Kisha akachukua kisu na kukata kamba moja baada ya nyingine.

"Mama, hizi ni za watu wa zamani," alisema. "Sasa humu ndani kuna msomi."

"Na asiyesoma?" bibi akamjibu. "Huyu Maganga? Utamzika na karatasi zako hizo."

Baba alicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa msomi.

Hakuna aliyeona kosa lililokuwa wazi. Chupa mbili ziliandikwa neno moja. Dawa ya kikohozi kutoka zahanati ilikuwa dawa, na dawa ya kupe kutoka josho ilikuwa dawa. Katika lugha yetu tunasemaje vingine? Baba alizitofautisha kwa mahali tu: ya mtu shubaka la chini, ya mbuzi shubaka la juu. Wiki ile mama alisiriba ukuta. Alitoa vyombo vyote nje, na udongo ulipokauka akavirudisha.

Siku ya pili yake alikwenda kuvuna karanga, na bibi akaenda kuteka maji. Maganga alikuwa na kikohozi. "Jua likifika kizingitini, mpe mdogo wako dawa, kijiko kimoja," mama aliniagiza. Jua lilipofika nilitoa chupa ya shubaka la chini, nikasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa maringo. Nikamimina.

Maganga alinyoosha mkono kwanza. Alipapasa shingo ya chupa pande zote kwa kidole chake kidogo.

"Hamna fundo," alisema, akafungua kinywa.

Alipomeza alikunja uso. "Dada, mbaya."

"Dawa zote ni mbaya," nikamwambia kwa sauti ya mtu mzima.

Alianza kutapika kabla bibi hajarudi. Alilia kiu, akapewa maji, akayatapika. Mama aliitwa shambani. Zahanati ilikuwa mbali na baba alikuwa joshoni na baiskeli. Alipofika alimbeba mtoto, na akageuza naye katikati ya njia, kwa sababu hapakuwa na haja tena ya kufika.

Katika vurugu ile nilirudi kwenye mashubaka. Chupa ya kikohozi ilikuwa shubaka la juu, imejaa kama ilivyokuwa asubuhi. Nilielewa. Nikachukua kijiko, nikapima dawa ya kikohozi kijiko kimoja, nikaimwaga kwenye majivu na kuifukia, ili chupa ionekane imepungua. Hilo ndilo ninalolirudia kila siku. Kumpa Maganga dawa ile lilikuwa kosa la mtoto. Kufukia kijiko kile hakukuwa kosa. Nilijua ninachofanya.

Watu walisema ni tumbo. Kisha, matanga hayajaisha, shangazi, dada yake baba, akasema mbele ya wanawake wote, "Si alitamka mwenyewe? Utamzika. Alijuaje?" Mama hakusema kitu. Baba hakusema kitu. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, kijiko kiko moyoni, nami sikusema kitu. Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Alifunga mzigo wake akapanda treni kwenda Tura kwa mdogo wake. Kabla ya kuondoka alinishika kichwa akasema, "Soma, Kabula." Nikasoma. Nilisoma kwa miaka kumi na mitano, na kwa miaka yote hiyo pale kijijini bibi yangu aliitwa mchawi.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani na cheti changu. Kuna mengi mapya. Baba ana shati la mikono mirefu, rafu ya mbao, na juu yake dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya kichwa, zote zimepangwa kama askari. Zamani palikuwa na chupa nne na kila moja kidole kiliijua. Leo zimejaa rafu nzima, watoto wa jirani wanacheza chini yake, na hakuna kamba hata moja. Baba aliniambia barua imetoka Tura: bibi haoni tena, na mdogo wake amefariki. Nikauliza kama tutamleta. "Watu watasema," baba alijibu, akiangalia pembeni.

Niliwaza siku sita. Niliwaza juu ya moyo wa baba, juu ya mama, juu ya shule itakayoniajiri. Siku ya saba, baada ya chakula cha mchana, nilinawa mikono, nikasema yote mpaka kijiko na majivu.

Mama alifunika uso kwa kanga. "Karatasi niliandika mimi," baba alisema. Akainuka, akaenda kwa shangazi akiwa peku, na jioni ile sauti yake ilisikika mpaka kwetu.

Jumamosi tulipanda treni. Huko Tura nilimkuta bibi amekaa kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, bibi. Ni Kabula."

"Marahaba. Kabula yupi? Yule msomi?"

Nilimpigia magoti na kumwambia. Hakunikatiza. Nilipomaliza sikujua nifanye nini, nikamwekea mikononi chupa ya asali niliyomletea. Hakuifungua. Alipapasa shingo yake, pande zote, polepole.

"Hamna fundo," alisema. Kisha: "Na baba yako? Amejua?"

"Amejua. Yuko nje. Anaona haya kuingia."

Alitafuta ugoro wake, akavuta, akapiga chafya.

"Mwambie aingie asaidie kufunga mzigo. Na aje na kamba."

Nikatoka kumwita.