Simu Inatumika

Dada yangu huandika programu zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na vifaa vyake. Asubuhi ile alimgombeza mwenzake kazini, maana kompyuta ilikuwa ikiiuliza printa, “Umemaliza?” mara elfu kwa sekunde, na kazi nyingine zote zimekwama.

“Iache ilale,” alimwambia. “Printa ikimaliza itaiamsha.”

Hodari wa kufundisha wengine, huyo. Mama alikuwa hospitali akisubiri kupasuliwa, nami nilikuwa nyumbani nikisubiri simu ya daktari.

“Amepiga?” dada aliniuliza. Nikikata, anapiga tena. “Amepiga?”

Mwishowe daktari alinipata.

“Nimekutafuta nusu saa, simu inatumika tu. Mama yenu alitaka kuwasikia kabla ya sindano ya usingizi. Tumeshamchoma.”

Simu ikaita tena. Dada.