Miwani ya Baba Ilipoanza Kumfaa Mama

Jumapili ambayo miwani ya marehemu baba ilianza kumfaa mama, kanisa zima lilipiga makofi. Nami nilipiga, lakini nilijua kwamba kuna kitu kinaharibika ndani ya macho yake.

Baba alikuwa haoni mbali. Mbuzi akivuka ua wetu kule chini ya mji wa Ishiara, kwake aligeuka kichaka. Miwani yake ilikuwa nyembamba katikati na nene ukingoni, ya kutawanya mwanga kabla haujaingia machoni. Tulipomzika, nguo zake waligawana ndugu zake, na mama akabaki na miwani. Aliivaa kanisani tu, ameishusha puani, akitazama juu yake, kwa sababu akitazama ndani yake sakafu ilimkimbia. Kasoro yake mama ilikuwa kinyume cha ile ya baba: mbali aliona vizuri, ila Biblia aliisoma kwa kunyoosha mkono.

Jumapili hiyo aliipandisha miwani na kusoma namba za nyimbo ubaoni mbele, akiwa amekaa benchi la nyuma. Akasimama kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe. Mume wangu alikwenda, lakini Mungu amenirudishia macho yake."

"Basi uyatumie kutafuta panga langu aliloazima!" jirani yetu akapaza sauti, na watu wakacheka hadi mchungaji akainua mkono.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya kutwa karibu na Karurumo. Mwanga huwa naufundisha kwa Kiingereza, kwa wanafunzi waliochoka kama mimi. Mwisho wa juma uliofuata nilienda nyumbani na lenzi ya maabara, ile iliyo nene katikati, ili nimweleze mama kwa Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani, kitu ambacho sikuwahi kukieleza kwa Kimbeere. Nilifunga dirisha la jikoni, nikaishika lenzi mkabala na mlango uliokuwa wazi. Ukutani pakatokea ghala letu la mahindi, dogo, lenye rangi zake zote, paa likiwa chini.

"Mama, ghala limeanguka," akasema. Mimi ni binti wa pili, nina jina la mama yake, kwa hiyo huniita Mama, nami humwita hivyo hivyo.

"Halijaanguka. Hata ndani ya jicho picha huja kichwa chini, na akili ndiyo huigeuza."

Nikaisogeza lenzi mbali na ukuta, ghala likawa ukungu. Nikamwambia kwamba lenzi aliyozaliwa nayo imeanza kukakamaa na kukolea, inaupinda mwanga kupita kiasi, na picha inatua kabla ya kufika ukuta wa nyuma wa jicho. Miwani ya baba inautawanya mwanga huo kidogo, picha inarudi nyuma mahali pake. Macho hayajapona. Ni kasoro mpya iliyokutana na miwani ya kasoro hiyo. Na lenzi inayokolea hivyo, mwishowe huziba.

Aliendelea kupepeta ndengu.

"Kwa hiyo unataka nisimame tena niwaambie nilidanganya?"

"Sijasema ulidanganya. Nasema twende hospitali."

"Ushuhuda haurudishwi, Mama. Kula ugali wako."

Nilikula. Nilikuwa nimechoka, na kesho yake nilikuwa na karatasi za mtihani za kusahihisha. Kila likizo nilirudia maneno yale yale, naye jibu lile lile. Mvua zilikuja, zikaisha. Miwani ikaacha kumsaidia. Akaanza kukaa akiupa mlango mgongo, kwa kuwa jua lilitapakaa machoni mwake kama kwenye kioo chenye vumbi. Mawe ya ndengu akawa anayatafuta kwa vidole, na sisi tukatafuna kwa tahadhari bila kusema.

Siku aliyomimina chai kando ya kikombe, ikamwagika magotini, alisema, "Nipeleke." Wanawake wa kanisani aliwaambia Mungu alianza kazi na daktari ataimalizia. Hakuna aliyembishia.

Hospitalini Embu muuguzi alimziba jicho la kushoto, akamulika tochi mbele ya la kulia.

"Nyanya, mwanga uko upande gani?"

"Huku."

"Sasa?"

"Huku."

Tochi iliposhuka chini, mama alichelewa, kisha akaonyesha juu.

Daktari, kijana mpole, aliangalia kwa kifaa chake muda mrefu, akakiweka mezani. Alisema lenzi iliyoziba wataitoa na kuweka nyingine, kazi hiyo wanaijua. Lakini jibu lile la tochi lilimtia shaka, maana hata jicho lenye lenzi iliyoziba hujua mwanga unatoka wapi. Huenda mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho umeharibika pia, na ukiwa umeharibika, lenzi mpya haitaleta kitu.

"Si uangalie huko nyuma?" mama akamwambia.

"Siwezi, Nyanya. Nikitaka kuona ndani, mwanga wangu lazima uingie na urudi kwa njia ile ile. Njia imezibika. Wewe huoni nje, na mimi sioni ndani."

Tumepangiwa upasuaji mwezi ujao. Jicho la kushoto nalo limeanza kuwa jeupe. Nyuma ya la kulia, mpaka leo ninapoandika, hakuna aliyeona kilichopo.