Kutoa Hewa kwenye Breki ya Baba

Kutoa hewa kwenye breki ya pikipiki ni kazi ya watu wawili, na mtu wa pili niliyepewa mimi ni kaka yangu. Mungu naye ana utani wake.

Pikipiki yenyewe ni ya zamani, nyekundu, ya marehemu baba. Breki yake ya mbele ni ya mafuta. Ukibana kishikio, mafuta yanasukumwa kwenye mpira mpaka chini, diski inabanwa, gurudumu linasimama. Hewa ikiingia humo, kishikio kinalegea mkononi, kinakwenda mpaka kugusa mpini, na pikipiki inaendelea na safari zake. Mafundi wa mtaa wa Buyenzi, huko mjini, wanaijua sana kazi hiyo, lakini baba hakuwapelekea. Alisema breki ya mtu aitengeneze atakayeipanda.

Basi tulikuwa tunaitengeneza uani kwetu Carama, nyuma ya jiko. Tangu nikiwa msichana mdogo mimi ndiye niliyekaa juu, mkono kwenye kishikio, baba amechuchumaa chini na spana ndogo. "Bana. Kamata hapo hapo." Analegeza nati, mafuta machafu yanatoka na mapovu yake, anakaza. "Achia." Ukiachia kabla hajakaza, breki inavuta hewa upya na mnarudi mwanzo. Kaka alikuwepo siku hizo, ila hakupenda mafuta kwenye suruali yake.

Baba alinifundisha na kuiendesha, kwenye njia za mashambani huko nyuma ya mtaa, watu wakicheka kuona mwanamke juu ya pikipiki. Wakacheka mpaka wakachoka. Nilipoanza biashara ya sombe, kisamvu cha kutwanga, ndipo ikawa miguu yangu. Naamka natwanga, nafunga ndoo nyuma, naipeleka kwenye migahawa ya Buyenzi kabla jua halijakuwa kali. Sombe haisubiri mtu. Ikikaa kwenye joto inageuka rangi, na mama wa mgahawa anakutazama kama umemletea chakula cha mbuzi.

Baba alipougua na kushindwa kuipanda, alisema mbele yangu na mbele ya baba mdogo, "Hii pikipiki ni ya huyu. Ndiyo inamulisha, na yeye ndiye ananilisha mi." Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili.

Kisha baba akafa. Kwetu, mtu akifa, vitu vyake haviguswi mpaka siku ya kuondoa matanga, na siku hiyo inaweza kuchukua mwaka mzima kufika. Baba mdogo mwenyewe aliifunika pikipiki kwa shuka, ikawekwa pembeni ya jiko. Sikubisha. Nilirudi kubeba beseni kichwani, nikishuka Carama kwa miguu, na migahawa ya mbali ikatafuta mwanamke mwingine wa kuipelekea sombe. Nilivumilia. Nilijiambia mwaka utaisha na kitu changu kitanirudia.

Katika mwaka huo huo petroli ikaadimika mjini. Magari yakapanga foleni kwenye vituo mpaka watu wakalala ndani yake. Kaka yangu anakaa Kinindo, mtaa wa wenye pesa, na ana gari kubwa. Gari hilo halikuijua njia ya Carama baba alipokuwa anaumwa: mara barabara mbaya, mara kazi nyingi, mara atakuja Jumapili. Sasa limesimama uani kwake, limekauka, ndipo akakumbuka kuwa alikuwa na baba, na kwamba baba aliacha kitu kinachokunywa kidogo. Loo! Ile aliyozoea kuiita chuma chakavu ikageuka kuwa kumbukumbu ya mzee.

Siku ya kuondoa matanga ikafika, na maturubai yake, viti vya kukodi na makreti ya vinywaji. Baba mdogo akasimama kuwa mdomo wa familia. Akashukuru wageni, akashukuru wanakwaya, akasema mambo mazuri juu ya baba. Halafu, kwa sauti ile ile, akasema, "Na pikipiki ya muzee tunaipa mutoto wake mukubwa wa kiume, isitoke kwenye ukoo."

Sasa elewa desturi yetu. Neno la familia likishatamkwa, kila mwanafamilia anapewa kinywaji. Ukikipokea umekubali. Ukikikataa mbele ya wakwe, majirani na watu wa kanisa, umemvua nguo marehemu. Niliwekewa soda mkononi, imeshafunguliwa kabisa. Watu wote wananitazama. Nikapokea, nikanywa, wakapiga makofi. Soda ilikuwa tamu na ilinipita kooni kama dawa ya minyoo.

Nilimfuata baba mdogo nyuma ya jiko. "Baba mudogo, si ulimusikia mwenyewe?"

"Nilimusikia, mwanangu. Lakini alikuwa mugonjwa. Na we ni binti. Kesho unaolewa, pikipiki inaenda kwa watu."

Kesho! Mimi nina mvi. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Waje Carama waone.

Kesho yake kaka akaja na kidumu cha petroli. Akavuta shuka, akapiga kiki mpaka akalowa jasho, ikawaka. Akazunguka nayo uani akijiona kijana. Alipofika kwenye jiko akabana breki. Pikipiki haikuwa na habari naye. Ikaenda ikagonga ukuta, yeye akaruka pembeni, kiatu kimoja huku, kingine kule. Hakuumia. Mwaka mzima chini ya shuka ulikuwa umekausha raba za breki, mafuta yakavuja kidogo kidogo, na hewa ikajaa.

"Dada, hii breki haikamate!"

"Haikamate," nikasema.

"Baba alikuwa anafanya nini ikiwa hivi?"

"Anatoa hewa."

"We unajua?"

Nilimtazama. Nikaifikiria barabara ya kutoka kwetu na malori yake, nikaifikiria na ile breki iliyolegea. Niliifikiria zaidi ya inavyofaa mtu kufikiria juu ya ndugu yake. Kisha nikaenda kuchukua spana.

Chupa ya mafuta ya breki nilikuwa nayo, mpya, haijafunguliwa. Niliinunua nikingoja mwaka wangu uishe. Nilichomeka kwenye nati kimpira cha serumu, ile dripu ya hospitali, kilichobaki baada ya ugonjwa wa baba, ncha ya pili nikaitia kwenye chupa nyingine yenye mafuta kidogo, nikachuchumaa pale alipokuwa akichuchumaa yeye.

"Bana. Kamata."

Nikalegeza. Mafuta yakatoka meusi kama kahawa. Sijakaza, kaka akaachia, na nikayaona mapovu yakirudi ndani.

"Nimesema kamata! Mpaka nikuambie."

Tukaanza tena. Simu yake ikalia mfukoni, mkono ukaondoka kwenye kishikio. Nikatupa spana chini.

"We unanifokea mi?" akasema. "Mi mukubwa wako?"

"Ndiyo, nakufokea! Baba alikuwa ananiuliza kila siku kama umefika. Mi namudanganya, yuko njiani, baba, yuko njiani. Mpaka nikaona aibu kuingia chumbani kwake. Ulikuwa wapi, kaka?"

Nilidhani atasema kazi, au barabara. Akasema, "Nilikuwa naogopa kumuona vile."

"Na mi? Nani aliniuliza kama siogope?"

Niliokota spana. Akaizima simu, akashika kishikio kwa mikono miwili, na baada ya hapo hakuachia mpaka nilipomwambia.

Tulifanya kazi bila maneno mengine. Bana, kamata, achia. Kila mara nikisimama kuongeza mafuta kwenye kikopo cha juu kwenye mpini, maana kikikauka unaingiza hewa nyingi kuliko uliyoitoa. Meusi yakaisha, yakaja ya rangi ya chai hafifu, kisha yakaja masafi na mapovu madogo madogo. Hapo mtu angeweza kusema basi, inatosha. Kishikio kilishaanza kuwa kigumu, na kaka hangejua tofauti. Mimi ningejua. Nikaendelea mpaka povu la mwisho, kwa hasira, huku machozi yananitoka na sina mkono safi wa kuyafuta. Nikamwaga maji mahali palipodondokewa, maana mafuta hayo yanakula rangi.

Kaka akapanda. Akazunguka uani mara moja, akaja moja kwa moja kwangu, akabana. Gurudumu likasimama mbele ya miguu yangu.

"Mama weee! Inakamata kweli!" Alikuwa amefurahi, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyesamehewa, ingawa mimi sikuwa nimemsamehe. "Basi, dada, ikiharibika nitakuwa nakuletea."

"Lete," nikasema.

Nilijibu upesi, hajamaliza hata maneno yake, kama mtu aliyekuwa anaomba aulizwe. Nilijichukia papo hapo. Mwanamke mzima, nimeporwa mchana kweupe, na bado nafurahi kuahidiwa kwamba nitaishika tena.

Na kweli huileta, maana raba ni zile zile kavu na hewa hurudi. Hupiga honi nje, namfungulia, anakaa kwenye benchi na kunywa chai yangu akilalamikia petroli. Siku hizi anajua kukamata kishikio. Tukimaliza huniambia niijaribu. Ndipo naipanda, nazunguka uani, napita jiko, nafika getini, nabana breki nasimama. Lile geti huwa wazi. Nakaa pale kidogo, injini ikiunguruma chini yangu, naitazama barabara ya Buyenzi. Kisha nageuza, nazima, namrudishia ufunguo.