Jina la Baba Yake Namnyaki

Si kweli kwamba Aika alimfukuza mwanafunzi, na si kweli kwamba alimtukana marehemu. Wanaoyasema hayo huko Njiro anakoishi, tena wakiwa ndio kwanza wametoka ibadani, hawakuwapo. Aika ni mjane wa Sylvanus, mtu aliyeheshimika, na nyumba ile haijawahi kulea matusi.

Kazi yake ni kuelimisha. Kila Jumamosi hupokea wanafunzi wa sekondari katika hospitali moja ya kanisa kwenye miteremko ya Meru. Huwafundisha habari za presha na kisukari, kisha huwatembeza maabara, chumba cha dawa na chumba cha eksirei, wajue hospitalini kuna kazi nyingi zaidi ya udaktari. Wakishaondoka hupanga viti mwenyewe, bila haraka, maana nyumbani hakuna anayemngoja. Watoto wake wako mbali, na simu zao za Jumapili huanza na "Mama, niko barabarani kidogo."

Katika wanafunzi wale alimpenda Namnyaki, binti wa Kiarusha aliyetaka kuwa mfamasia, na aliyekuwa akimsindikiza kwa maswali hadi getini.

Siku moja aliwaambia wachore ukoo wao, waonyeshe nani aliwahi kuugua presha. Namnyaki akaacha mahali pa baba yake wazi. Aika, kwa kuwa ni muuguzi pia, alikuwa amemuuguza baba huyo wodini. Akadhani binti amezidiwa na uchungu, akamwinamia, akalitaja jina la marehemu kwa upole, darasa likisikia.

"Mwandike, mwanangu. Alikuwa mtu mwema."

Kwao Aika, Uchagani, wafu huzikwa migombani, jirani na jiko, na majina yao hupewa wajukuu. Tangu Sylvanus afariki, Aika hulitaja jina lake anapoweka chai mezani, kwa sababu hakuna mwingine wa kulitaja. Hakujua kwamba kwa akina Namnyaki jina la aliyekufa halitamkwi mbele ya watoto wake. Binti alikusanya kalamu zake akatoka, na Jumamosi iliyofuata hakuonekana.

"Koko wake amemkataza, Madam," Jackline, mwanafunzi mwenzake, alimwambia. "Bibi anasema mambo ya dawa basi, atafute mume."

Basi Aika akapanda hadi kwa bibi huyo, magharibi ya mlima, akiwa na jani la isale mkononi, lile ambalo Wachaga huombea radhi.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba. Ndiye wewe mwalimu wa presha? Ya kwangu umeshaipandisha." Bibi akalitazama jani. "Na hilo? Umewaletea mbuzi?"

"La kuomba msamaha, koko. Kwetu ukiletewa hili huwezi kukataa."

"Huko kwenu. Sisi tunashika nyasi." Akainama, akang'oa nyasi kando ya mlango, akamkabidhi. "Haya, shika. Mtoto atarudi. Ila jina lile lisitoke tena mdomoni mwako. Kwa mtu yeyote, mahali popote."

"Nimekubali, koko."

Namnyaki alirudi kweli. Sasa hukaa nyuma, huandika kila kitu, na somo likiisha huondoka na wenzake. Atakuwa mfamasia, hilo halina shaka. Ila Aika hutembea hadi getini peke yake.

Maneno yalikuwa yameshafika Njiro. Diana, jirani anayeimba naye kwaya, alikuja akaketi barazani.

"Dada Aika, watu wanasema ulimtamkia mtoto neno baya juu ya baba yake."

"Halikuwa baya."

"Basi lilikuwa neno gani? Niambie tu, niwazibe midomo."

Aika alimmiminia chai. Kulisema kungemaliza fitina palepale, ila lingemfikia koko, na Jumamosi ingemkuta Namnyaki nyumbani kwa bibi yake.

"Sisemi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mdogo wangu."

Diana alikunywa nusu kikombe, akaaga. Siku hizi kwenye kwaya amehamia mstari mwingine, na kiti cha pembeni ya Aika hakikaliwi.

Neno lenyewe lilikuwa jina la mtu, basi. Jina hilo halitaandikwa hapa, wala ya wodini hayatasimuliwa. Asiyeridhika na abaki hivyo hivyo.